Kijana hajapotea: barua kwa somo yangu

Mwanza, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako niliipata Jumatano, nikaisoma mara mbili nikiwa bado nimevaa koti la maabara. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kuliandikia mbiombio jambo linalokukosesha usingizi. Unasema kijana amerudi likizo na daftari la Historia lenye mada ya mageuko, yaani jinsi viumbe vinavyobadilika kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi, akakuonyesha picha ya fuvu na ule mchoro wa watu walioinama wakinyooka hatua kwa hatua, kisha akauliza mbele ya wageni: "Mama, Adamu yuko wapi hapa?" Na mzee wa kanisa aliyekuwapo akasema anayekubali mambo hayo amemkana Mungu. Sasa unaniuliza kama mwanao amepotea.

Hajapotea. Nimetanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Unamkumbuka mdogo wangu. Wewe ndiwe uliyembeba mgongoni siku ile ya mvua mpaka zahanati, mimi nikikimbia nyuma nimeshika viatu vyenu. Alipofariki, akiwa na miaka tisa, tuliambiwa mengi: amerogwa, ni laana ya ukoo. Msibani palepale kuna aliyewaambia wazazi watubu dhambi waliyoificha. Mama alilibeba neno hilo miaka na miaka. Mimi nililibeba mpaka mwaka wa pili chuoni, nilipowekewa kioo chenye tone la damu chini ya hadubini nikaona chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Mwalimu akatueleza kwamba katika jeni, yaani yale maelekezo marefu tunayorithi, ya kutengeneza himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, imebadilika herufi moja tu. Anayeirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia anaugua selimundu. Anayeirithi upande mmoja haugui, tena malaria kali haimwui kwa urahisi kama wengine.

Niliomba ruhusa nikatoka nje, nikalia. Hapakuwa na dhambi yoyote iliyofichwa. Baba na Mama walikuwa wabebaji wote wawili, na kile kilichomwua mdogo wangu ndicho kilichowakinga wao na malaria walipokuwa watoto huku kwetu kando ya ziwa.

Nakueleza haya kwa sababu hapo ndipo nilipokutana na mageuko, wala si kwenye mchoro wa daftari. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, akisomea udaktari Oxford, alirudi na msafara wa chuo chake akapima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Katika jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, wenye chembe hizo walizidi 20 katika kila watu 100. Katika nyanda za juu na nchi kavu hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: palipo na malaria, watoto wenye jeni moja walipona zaidi, wakakua, wakazaa, wakairithisha. Kizazi baada ya kizazi jeni ikaenea. Wataalamu huuita uteuzi asilia, nao ndio moyo wa habari yote ya mageuko. Nami nimepimwa, somo. Ni mbebaji. Mtu akiniambia mageuko ni hadithi za watu wa mbali, mimi nasikia kama anasema damu yangu ni hadithi.

Nadhani hata neno lenyewe, nadharia ya mageuko, linatuchanganya. Kwetu nadharia ni kinyume cha vitendo. Tukisema fulani ana nadharia nyingi, tunamaanisha maneno matupu. Katika sayansi nadharia ni maelezo yaliyopimwa, yakapingwa, yakapimwa tena, yakasimama. Na hakuna anayefundisha kwamba nyani wa porini siku moja alizaa mtu. Wanachosema ni kwamba sisi na wao, ukirudi nyuma mamilioni ya miaka, tuna wahenga wa pamoja, kama mimi na binamu yangu tulivyo na babu mmoja bila yeyote kati yetu kumzaa mwenzake. Mweleze kijana hilo. Litamwondolea nusu ya mzigo.

Sasa tufungue Biblia, kwa kuwa najua ndiko moyo wako uliko. Soma Mwanzo 1:24 polepole: "Nchi na izae kiumbe hai kwa jinsi zake." Nchi na izae! Mungu anaamuru, na ardhi ndiyo inayozaa. Mzee wako atakuonyesha maneno "kwa jinsi zake", nami nayaheshimu. Ndivyo mkulima na mfugaji aonavyo tangu kale, mbuzi huzaa mbuzi. Lakini andiko halisemi jinsi hizo haziwezi kubadilika katika nyakati ndefu ambazo hakuna mfugaji aliyeishi kuziona. Kisha linganisha sura ya kwanza na ya pili. Katika ya kwanza mimea inatangulia na mtu anakuja mwisho. Katika ya pili mtu anafanywa kabla mche wa kondeni haujachipuka. Waliotuhifadhia sura hizo mbili pamoja waliuona utofauti huo, wakaziacha hivyo. Naamini walijua wanatuambia ni nani aliyeumba na sisi ni nani mbele zake, na hesabu ya siku hawakuiweka mbele kama tunavyoiweka sisi.

Tena tazama neno letu lenyewe, kuumba. Kwa Kiganda na Kinyarwanda, ndugu wa Kiswahili, kubumba ni kufinyanga chungu. Tulipokuwa wadogo tulikaa sana kwa yule bibi mfinyanzi nyuma ya soko. Alikanda udongo, akaungoja, akauinua ukingo kidogo kidogo, akaanika siku kadhaa, ndipo akachoma. Hakuna aliyesema chungu si chake kwa sababu kilichukua muda. Na Mwanzo 2:7 inasema mtu alifanywa kwa mavumbi ya ardhi. Mungu akitumia siku moja au miaka bilioni, mkono ni ule ule.

Zaburi 139 inanisaidia kuliko yote. Daudi anamwambia Mungu kwamba ndiye aliyemwunga tumboni mwa mama yake. Mimi na wewe tunajua mimba inavyokua, chembe moja inavyogawanyika kuwa mbili, nne, nane, mpaka miezi tisa. Nimeisoma, nimefanyia mtihani. Je, ulipomshika kijana wako mara ya kwanza, ulisita kusema Mungu amekupa kwa sababu mkunga angeweza kueleza kila hatua? Hukusita. Basi kama Mungu huumba mtu mmoja kwa njia inayoelezeka, sioni kwa nini tumnyime njia inayoelezeka alipoumba wanadamu wote.

Wala usidhani hizi ni fikra mpya za kuwaridhisha wasomi. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa pande ambazo leo ni Algeria, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba Mungu aliweka katika uumbaji kitu kama mbegu, vitu vije kujitokeza kwa wakati wake. Na aliwaonya Wakristo wasijitie kusema kwa jina la Maandiko mambo ya mbingu na nchi wasiyoyajua, wasije wakawafanya wasioamini waidharau imani yenyewe. Hapo ilikuwa imebaki miaka 1,400 hivi kabla ya Charles Darwin, yule Mwingereza aliyeieleza nadharia ya mageuko. Katika siku zetu, Oktoba 1996, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, huku akisisitiza kwamba roho ya mtu inatoka kwa Mungu moja kwa moja. Mimi Mlutheri, lakini hapo namwitikia amina.

Kuna jambo la hapa hapa kwetu ambalo hunigusa. Louis Leakey, ambaye yeye na mkewe Mary walilifanya bonde la Oldupai, kwa mabaki ya kale waliyoyachimbua huko, lijulikane dunia nzima, alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa mmisionari aliyeshughulika kuitafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Fuvu lililo kwenye daftari la kijana huenda ni lile Mary aliloliona Julai 1959. Nilipofika kwenye makumbusho ya Oldupai nilisimama muda mrefu mbele ya nakala ya nyayo za Laetoli, mahali pa jirani. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikanyesha juu yake, na viumbe wachache wakapita wima kwa miguu miwili, mmoja mdogo kuliko mwingine. Majivu yakaganda. Nyayo zikakaa miaka zaidi ya milioni tatu na nusu hadi zilipofukuliwa mwaka 1978. Kisigino, upinde wa wayo, kidole gumba. Sikujisikia nimeshushwa hadhi, somo. Nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyumba ya zamani ya ukoo wake.

Upande wa pili nao una makosa, na hayo usimfiche kijana. Wapo wanaosema kwa kuwa mageuko ni kweli, basi Mungu hayupo. Hilo hawakuliona kwenye hadubini. Mimi nimeinama juu ya hadubini miaka kumi na minane, na haijawahi kunionyesha kama Mungu yupo au hayupo. Hainionyeshi hata kama Mama ananipenda. Darwin mwenyewe, mwaka 1879, alimjibu mtu aliyemwuliza kwamba ni upuuzi kutilia shaka kuwa mtu anaweza kumwamini Mungu kwa dhati na kukubali mageuko pia. Alimtaja Asa Gray, Mmarekani bingwa wa mimea na Mkristo wa dhati, kuwa mfano.

Sasa nije kwenye mahali pagumu, maana sitaki kukudanganya. Adamu ni pagumu. Paulo katika Warumi 5 anamweka Adamu upande mmoja na Kristo upande wa pili, na mafuvu hayatuonyeshi wazazi wawili peke yao duniani. Wakristo waaminifu wanatofautiana: wengine wanamwona Adamu kuwa kiongozi wa watu ambaye Mungu alimwita kwanza, wengine wanamwona kuwa sisi sote. Mimi naelemea huko kwa pili. Dhambi siitilii shaka hata kidogo. Kuijua naijua bila kuchimba mahali.

Lakini kwangu pagumu zaidi ni mdogo wangu. Kinga waliyopata wazazi wetu ililipiwa na watoto kama yeye. Kama Mungu aliumba kwa njia hii, basi maumivu yake yale ya usiku, akiuma shuka asituamshe, yako ndani ya njia hiyo. Darwin naye alifiwa na binti yake Annie mwaka 1851, wa miaka kumi, na mwaka 1860 alimwandikia Asa Gray kwamba anaona mateso mengi mno duniani. Simlaumu. Mimi nimeshindwa kulijibu swali hilo, na sijaona mhubiri wala mtaalamu aliyelijibu. Ila nasoma Warumi 8, kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, navyo vina utungu hata sasa, nakuta Biblia yangu haijauficha uchungu huo. Na Mungu ninayemwomba alitundikwa, akalia kwa sauti. Kwa huyo naweza kwenda na swali langu likiwa bado wazi.

Basi usimkemee kijana. Aliuliza mbele ya wageni kwa kuwa alidhani nyumbani ndiko salama kuuliza. Tukimlazimisha achague kati ya kanisa na daftari lake, naogopa atachagua daftari, na kosa litakuwa letu. Mzee wa kanisa naye usigombane naye. Anaogopa kupoteza vijana, kama wewe.

Mlete Desemba. Nitamwombea ruhusa kwa mkuu wangu wa kazi nimkalishe kwenye hadubini, aone mundu kwa macho yake. Naye apimwe, nawe upimwe; usiseme baadaye. Kabla ya maabara tutapita makaburini. Mama ameshapanda maua mapya, na tangu nilipomweleza habari ya ile herufi moja huwa anakaa pale bila kuinamisha kichwa. Nataka kijana amjue mjomba wake.

Wasalimie wote nyumbani.

Somo yako