Durgabai hakuiacha sheria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji nimtetee mama mmoja wa Kihindi aliyefariki mwaka 1981, maana mwenyewe hayupo ajisemee.

Kila anapotajwa Durgabai Deshmukh, habari ni ileile: alikuwa mmoja wa mawakili wanawake wa mwanzo Mahakama Kuu ya Madras, baadaye akaacha sheria, akaingia ustawi wa jamii. Hilo "akaacha" ndilo linalonikera. Labda ni kidonda changu mwenyewe. Nina shahada ya sheria, nakaa dawati la ustawi wa jamii wilayani, na kila Idi mjomba wangu huniuliza mbele za wageni joho nimelipeleka wapi.

Durgabai alizaliwa Rajahmundry mwaka 1909, akaozwa akiwa na miaka minane, na alipofika kama 15 akaikataa ndoa ile. Msimamo wake ulijulikana mapema. Mwaka 1923 huko Kakinada aliwekwa mlangoni kwenye maonyesho ya khadi, vitambaa vya kufumwa kwa mkono, akaambiwa asiye na tiketi asipite. Akaja Jawaharlal Nehru, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa India, bila tiketi. Binti akamzuia. Wakubwa wakamkaripia, naye akajibu kwamba anafuata maagizo aliyopewa, mpaka tiketi ikanunuliwa. Nehru alimsifu.

Sheria aliifuata gerezani. Kati ya 1930 na 1933 alifungwa mara tatu kwa harakati za Gandhi za kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza, na mle ndani akakutana na wanawake wasiojua kusoma, wengine wamekiri makosa wasiyoyaelewa. Alitoka na nia ya kuwa wakili. Shule hakuwa nayo ya kutosha, kwa hiyo alianza kwa mtihani wa sekondari wa Chuo Kikuu cha Banaras kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapanda hadi shahada ya sheria mwaka 1942. Tayari mwaka 1937 alikuwa ameanzisha Andhra Mahila Sabha, ambako wanawake watu wazima waliandaliwa kufanya mtihani uleule wa Banaras. Sasa hapo kilichotangulia ni nini, ustawi au sheria?

Nayaelewa yale ya gerezani. Juzi alikuja mama ana mtoto mgongoni, akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Makubaliano ya matunzo, chini pana dole gumba lake. Alidhani amepiga dole kwamba amepokea hela ya mwezi ule; kumbe amekubali kutodai tena. Nilimsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudie mstari wa tatu.

Basi. Durgabai aliingia Bunge la Katiba, lile lililoiandika katiba ya India, wanawake wakiwa 15 tu. Mwaka 1952 alishindwa uchaguzi, akateuliwa Tume ya Mipango, na mwaka 1953 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Bodi Kuu ya Ustawi wa Jamii ya India. Wengi huishia hapo wakifunga hesabu: wakili kwisha, sasa mama wa misaada.

Lakini mwaka huohuo wa 1953 alizuru China, akaona mahakama za familia, na aliporudi akawaendea majaji kuwaeleza kwamba India nayo inazihitaji. Hakuishi kuziona. Sheria ya Mahakama za Familia ilipitishwa mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mjomba wangu angeisoma sheria hiyo angeshangaa. Humo wakili hana haki ya kuingia tu kwa sababu ni wakili. Mahakama ndiyo huamua kama anahitajika. Vyama vya ustawi wa jamii vimepewa mlango, na washauri nasaha wamo kwenye muundo wenyewe wa mahakama. Mtu aliyeiacha sheria hawazi namna hiyo. Anayewaza hivyo ni yule aliyekaa pande zote mbili za meza, akajua wakili anaposaidia na anapoharibu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, wakati mwingine mkimwandika, liondoeni hilo neno. Na barua hii mkiichapa nitaikata, niikunje, nimpelekee mjomba Idi ijayo kabla hajauliza.

Msomaji wako,
Tanga