Sugu ya Bega la Kushoto

Tabora, mwisho wa Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Simu yako ya Jumapili ilinikuta nimenyoosha miguu juu ya mto, magoti yamevimba. Ulicheka uliposikia kwamba kweli nimefika Bagamoyo kwa baiskeli. Halafu ukanyamaza, ukauliza tena lile swali la mwaka jana: "Mama, kwani huyo mzee wetu alikuwa mtumwa?" Sikukujibu kwa simu. Najua swali limetokea wapi. Wenzako huko Arusha wanakutania ofisini kwamba Wanyamwezi ni wapagazi, punda wa Waarabu. Unacheka nao, ukifika nyumbani linakukaa moyoni.

Bibi yangu alinisimulia mambo matatu tu kuhusu baba mkwe wake. Kwamba alikwenda pwani mara nne na pembe ya ndovu begani. Kwamba safari ya mwisho alirudi na nguo za kutosha kununua ng'ombe wa mahari ya pili. Na kwamba bega lake la kushoto lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, watoto wakawa wanaigusa kwa kidole akiwa amelala. Mimi ni kitukuu chake, wewe kilembwe. Watu wa pwani walijitwika mizigo kichwani, watu wetu waliibeba begani, kwa hiyo sugu hiyo haikunishangaza. Nilichotaka ni kujua ilipatikana wapi.

Nikamwomba mjomba wako anisindikize. Kila mtu na Phoenix yake, gia moja, keria imefungwa blanketi, dumu la lita tano, pampu, viraka na gundi, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, aliyotuandalia shangazi yako. Tulianzia Kwihara, kwenye lile tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Miaka yote niliyofundisha nimewapeleka wanafunzi pale, nikawaonyesha chumba cha Mzungu. Sikuwahi kuwaambia kwamba misafara ilikuwa na mamia ya watu, na kwamba wengi wao walikuwa ni sisi. Hilo linaniuma hadi leo.

Toka Tabora hadi Manyoni ni pori. Misafara iliita Mgunda Mkali, na wewe Kinyamwezi chako ni cha kuokoteza lakini mgunda unaujua: ni shamba. Shamba kali. Siku hizi kuna lami, magari yanapita, lakini ukiingia kwenye vichaka vya Itigi ndorobo, yaani mbung'o, wanakuuma juu ya shati, na baiskeli haikimbii kiasi cha kuwaacha. Tulilala Itigi. Siku ya pili kutoka hapo tukashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi, na huko chini ndipo upepo ulipotupokea. Wakati wa kiangazi Ugogo kunavuma upepo wa mashariki toka asubuhi. Watu wetu walikuwa wakiondoka baada ya mavuno, ndiyo kusema upepo huo huo uliwapiga usoni, na pembe ya frasila mbili begani, kama kilo 32. Mimi sikuwa na pembe, na bado niliteremka nikasukuma.

Ugogo ndiko walikotozwa hongo. Neno hilo leo ni rushwa, zamani lilikuwa ushuru: visima ni vya mtemi, maji ni machache, msafara wa watu mia tano unakunywa kisima kikauke. Unalipa nguo, merikani na kaniki, unakunywa, unapita. Baada ya kuomba maji kwenye kaya za watu siku tatu mfululizo, siwalaumu wale watemi hata kidogo.

Sasa nikueleze Marenga Mkali, maana hapo ndipo nilipomwelewa mzee.

Ni nyika kati ya Ugogo na Mpwapwa, karibu kilomita 50, na zamani haikuwa na maji. Malenga kwa Kigogo ni maji, maji makali. Wapagazi walikuwa na namna yao ya kuivuka, wakiita terekeza. Asubuhi hamtembei. Mnapika, mnakula, mnakunywa mpaka mnashiba, mnajaza vibuyu. Jua likishapita utosi, kirangozi, kiongozi wa msafara, anashika njia, ngoma inalia nyuma yake, na hakuna anayeruhusiwa kumtangulia. Mnatembea hadi usiku, mnalala bila maji, mnadamka alfajiri, na kabla jua halijawa kali mmefika kisimani. Wanawake walikuwemo pia. Wapagazi wengi walikwenda na wake zao, wamejitwika vyungu na mikeka na wengine watoto mgongoni. Hilo hakuna aliyenifundisha shuleni.

Tukafanya terekeza na sisi. Tuliondoka saa nane mchana. Saa kumi mwiba wa mgunga ukatoboa tairi langu la nyuma, mahali hapana hata kivuli cha kukaa. Mjomba wako akageuza baiskeli miguu juu, akatoa mpira, akautafuta upepo kwa shavu kwa sababu maji ya kuuchovya hatukutaka kuyapoteza. Alikuwa anausogeza polepole karibu na uso, amefumba macho, mpaka hewa ikamgusa chini ya jicho. Akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akapuliza, akabandika kiraka. Dakika arobaini. Mimi nilikuwa nimelishika lile dumu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na ndani yake yamebaki maji ya kujaza glasi nne. Tukalala kando ya njia. Koo lilikuwa limekauka hata matobolwa hayamezeki.

Asubuhi tukaingia Chunyu. Mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja aliacha fagio akatuletea maji kwenye kikombe cha plastiki, nikayapiga funda moja. Yana chumvi! Ndiyo maana ya jina lenyewe. Unavuka ukame wote ule, unafika kwenye maji, maji yana chumvi. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikalia, na yule mama akadhani nimefiwa. Lakini niliyamaliza. Mzee alipita hapo akienda na akirudi, mara nne, ndiyo mara nane, na alijua ladha hiyo kabla hajaifikia. Mtu haendi mara ya pili mahali kama pale kwa sababu ya mjeledi tu. Kuna kitu alikitaka.

Kilosa hadi Morogoro tulipita bila tatizo. Karibu na Chalinze nikatenguka kidole cha mkono kwa kukwepa lori, kikafungwa, kimepona, usihangaike.

Tukiwa tumekaribia Bagamoyo, mzee mmoja wa Kizaramo amekaa kibarazani akatusikia tunavyoongea. Akasimama katikati ya njia, akashika usukani wangu: "Mnyamwezi, mzigo wa watu umeutupa wapi?" Nikamwambia nimeuuza, nimenunulia ndugu zake sabuni. Akacheka mpaka akakohoa, akamwita mjukuu apande mnazi, tukanywa madafu, hakutaka senti. Huo utani wetu na Wazaramo ulizaliwa na misafara: umefika ugenini umechoka, mwenyeji anakutukana, kisha anakulisha, na ukifa anakuzika. Wapime kwa hilo wenzako wa ofisini. Siku ukifiwa, wataingia jikoni kwako? Kama hawataingia, hao hawakutanii, wanakudharau, na una haki ya kuwaambia waache.

Jibu la swali lako ndilo hili. Hapana, hakuwa mtumwa. Kijana wa Kinyamwezi wa wakati ule ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume. Walijiandikisha wenyewe, wakapatana ujira kwa mikono ya nguo, na tajiri akicheza na posho walitua mizigo chini au walitoroka usiku. Kutumikishwa kwa nguvu kulikuja baadaye, vita vya 1914 hadi 1918, wanaume walipokamatwa vijijini kubeba risasi na unga wa majeshi. Kariakoo limetokana na jina la hao wapagazi wa vita. Mzee wetu hakuwa mmoja wao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi yake ilikwisha.

Lakini sitakupa nusu ya jibu. Bagamoyo niliingia makumbusho ya misheni, pale pale ulipopokelewa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake kina Susi na Chuma kuubeba toka nchi ambayo leo ni Zambia, wakapita nao hapa Tabora. Mle ndani kuna minyororo ya watumwa. Niliitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Waliofungwa minyororo walipita njia ile ile, Mgunda Mkali na Chunyu, pengine mbele yake hatua ishirini. Mtu hawezi kutembea miezi kwenye njia ile asiwaone. Naye alibeba pembe ya tajiri yule yule. Bibi hakunisimulia habari hiyo, na nadhani mzee mwenyewe hakuisimulia kwa mtu. Alisimulia ng'ombe. Nimempenda zaidi tangu nirudi, na hilo pia limo ndani ya kumpenda, siwezi kulitoa.

Bagamoyo watu wanasema jina limetoka kwenye bwaga moyo. Wengine watakwambia ni mpagazi ametua mzigo, moyo umetulia. Wengine ni mtumwa aliyeona bahari akaacha matumaini. Nilikwenda ufukweni jioni maji yakikupwa, nikanawa mikono. Viganja vyangu vimeota sugu mbili chini ya vidole vya kati, kila mkono. Bado zipo.

Tulirudi kwa treni, baiskeli zimepakiwa kama mizigo. Ugogo yote tuliipita usiku.

Kimebaki kipande cha Tabora hadi Ujiji, kupitia Uvinza kwenye chumvi. Desemba usije, mvua itakuwa imeharibu njia. Njoo Juni ukipata likizo. Baiskeli ya mjomba wako itakuwa yako, fundi ameshabadilisha tairi la nyuma na spoku mbili. Lete mashati ya mikono mirefu, ya kitambaa kizito.

Mama yako