Zuhura, nitafutie lile daftari jekundu

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Zuhura ndugu yangu,

Salaam sana. Sisi wazima, ila joto linatupika. Shemeji mguu umepona? Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya dada, na simu zako mbili sikuzipokea. Nisamehe. Sikuwa na la kusema, na hata leo nisingeandika kama si huyu Salma.

Shida yangu niiseme mapema nisije nikaisahau: lile daftari lako la jalada jekundu, ulilokuwa ukiandikia maneno ya watu wa sokoni Tandika tulipokuwa chuoni, bado unalo? Nalitaka. Hata ukinipigia picha kurasa chache, yatosha.

Salma ana mtihani wa kidato cha nne Novemba. Kwenye jaribio la juzi, swali la ushairi kapata alama mbili kati ya kumi na tano. Nikaiomba karatasi. Aliulizwa aoneshe mshairi alivyotumia tamathali za semi, yeye kaandika maana zake zote kama zilivyo kwenye notsi: tashibiha ni kulinganisha vitu viwili kwa kutumia maneno kama, mithili ya, mfano wa, sitiari ni kulinganisha bila maneno hayo, na kuendelea mpaka ukurasa ukaisha. Shairi lenyewe hakuligusa. Mwalimu wake kamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Wapi?" Ana haki. Mtoto anayajua majina ya watu ambao hajawahi kuwaona.

Basi nikafanya ulivyokuwa ukifanya wewe. Jumatano tulikuwa tunarudi kutoka Kariakoo, daladala imeshonana, mzee mmoja analalamika kwamba nafasi hakuna. Konda akapiga bodi akasema, "Mzee, gari hili ni mpira!" Watu wakacheka, wakasogea. Nikamgusa Salma: umesikia? Akasema, sitiari. Nikamuuliza, na angesema gari hili ni kama mpira? Akafikiri mpaka tukafika kituoni. Tukishuka akaniambia, "Angesema kama, mzee angembishia." Zuhura, nilisimama pale pale barabarani. Hilo ndilo jibu la ile "Wapi?", na la "ili iweje?" pia. Neno "kama" linakuachia mlango, unaona kwamba gari ni gari na mpira ni mpira. Konda aliufunga ule mlango, mzee hakuwa na pa kupitia ila kusogea.

Nyumbani tukaihesabu mizani, yaani silabi za mstari, kwa vidole: ga-ri-hi-li-ni-m-pi-ra. Nane! Ile "m" ya mpira inasimama peke yake, hapo ndipo alipokuwa akipotea siku zote. Akaongeza utao, kile kipande cha pili cha mstari, mwenyewe: "Gari hili ni mpira, songeeni tutajaa." Mizani kumi na sita kamili. Nikamweleza kwamba sheria hizo aliziandika Sheikh Kaluta Amri Abedi kwenye kitabu chake cha mwaka 1954, yule yule aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Alishangaa kwamba meya anaweza kuwa mshairi. Na tathlitha, tarbia na takhmisa, beti za mistari mitatu, minne na mitano, hazimtishi tena, maana nilimwonesha kwamba theluthi, robo na hamsini anazijua tangu shule ya msingi, maneno ni ya ukoo mmoja wa Kiarabu. Kinachonikera ni vitabu kutokukubaliana. Swali lisilotaka jibu, hiki kinaliita tashititi, kile swali la balagha, na mtoto anadhani ni vitu viwili.

Tafsida, kusema jambo zito kwa maneno laini, nimeiruka. Siku ile hospitali muuguzi alituambia "tumempoteza", na Idi akauliza amepotelea wapi. Nikamwambia Salma tutaifanya wiki ijayo.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi. Alhamisi usiku umeme ulikatika, mvua ikashuka. Nachambua mchele kwa tochi ya simu, nikamwambia aandike mistari michache juu ya mvua hii, tutafute tashihisi, kitu kupewa tabia za mtu. Akaandika, akanipa daftari, akaenda kukinga maji. Nikasoma:

"Mama, mvua ya huko unaisikia? Ya kwetu inagonga bati kama mwenye nyumba anayedai kodi. Ndoo yako ya bluu imetoboka, mamdogo kaiziba kwa sabuni ya mche. Mama, ukirudi…"

Kaishia hapo, na nukta zake tatu.

Miaka kumi na miwili nimefundisha ritifaa, kusema na aliyekufa kana kwamba yupo, na mifano yangu siku zote ilikuwa ya kwenye vitabu. Nilishika kalamu, sikuweza kuandika kitu. Nikasikia ndoo ikijaa nje.

Asubuhi ananiuliza, "Mamdogo, ritifaa si ile alama ya kwenye ng'ombe?" Nikasema ndiyo, na ina maana nyingine, nitakueleza kesho. Leo Jumapili sijamweleza. Likija kwenye mtihani, mfano anao, tena mzuri kuliko wowote nitakaompa. Lakini nikiubandika jina na alama za pembeni, asije akaona nimemgeuza mama yake zoezi. Na nisipomwambia, namnyima jambo la kujua kwamba walimwengu wamesema na wafu wao hivi tangu zamani, mpaka ukatafutwa msamiati wake.

Wewe ungemwambia? Ungesubiri Novemba ipite? Ulipofiwa na baba, na mwalimu wetu wa fasihi akakusimamisha usome lile shairi lako mbele ya darasa, ulijisikiaje? Sikuwahi kukuuliza. Ulikasirika, au ulipata nafuu? Na wewe mwenyewe ulikuwa ukijua ulichoandika kinaitwaje?

Mpwa wa Bi Mwanahawa bado anakuja Dar kila Ijumaa? Mpe yeye daftari, nitampokea stendi.

Wasalimie wote hapo Pangani.

Wako,
Rehema