Risala ya Wanafunzi wa Ujenzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana katika maonyesho yetu. Dakika tulizopewa tumeona tuzitumie kwa jambo moja: ukuta wa hempu na chokaa.

Hempu ni jamii moja na bangi, lakini ile ya viwandani haileweshi. Marekani na Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha THC, yaani kile kilevi chenyewe, kuwa asilimia 0.3. Tunalitanguliza hili kwa sababu hofu ya bangi huwafanya wengi wasisikilize yanayofuata.

Nyuzi zikishatolewa, hubaki kiini cha shina. Hukatwa vipande vidogo, vikachanganywa na chokaa na maji, kisha vikashindiliwa taratibu ndani ya fomu, yaani kalibu za muda, kuzunguka fremu ya mbao. Wafaransa walianza kazi hii miaka ya 1980, wakitafuta kitu cha kujazia kuta za nyumba za kale. Mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 300 hadi 400 hivi, ilhali zege ya kawaida hufikia 2,400. Wepesi huo ni hewa iliyonaswa ndani, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisipenye kwa urahisi. Ukuta hufyonza unyevu wa chumbani na kuuachia tena, na ukali wa chokaa huwafukuza wadudu na kuzuia ukungu. Tena chokaa, kadiri inavyokomaa, hurudisha ndani yake sehemu ya kaboni dioksaidi iliyotoka ilipochomwa.

Upungufu upo, Mheshimiwa, na fundi mwaminifu huusema kabla ya kuchukua kazi. Ukuta huu haubebi paa. Mzigo wote ni wa fremu. Hukauka kwa wiki nyingi, na lipu ya saruji huuharibu kwa kuufungia unyevu ndani. Lazima upigwe lipu ya chokaa.

Tunaomba mambo mawili: chombo cha kupimia upitishaji wa joto, ili tuulinganishe na ukuta wa matofali kwa vipimo vyetu wenyewe, na msaada wako tupate kibali cha kuagiza vipande vya hempu vilivyokwisha kutenganishwa na majani na maua. Hicho kibali ndicho kinachotukwamisha. Chokaa, fomu na mikono ya kushindilia tunavyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.