Vijana wafundishwe kuuweza mwili, si kuuchukia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo makanisa yetu mengi hapa Mwanza yanalikwepa, nalo ni namna tunavyowafundisha vijana wa kiume kuhusu miili yao na usafi wa moyo.

Mimi ni mzee wa kanisa wilayani Ilemela. Mapema mwaka huu kijana wa miaka 22, mvuvi wa dagaa, alinifuata nje baada ya ibada, akashika usukani wa baiskeli yangu kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kukimbia, akaniambia, "Mzee, huu ni mwaka wa tatu sishiriki Meza ya Bwana." Nilidhani nitasikia habari za uzinzi. Kumbe sababu ilikuwa ndoto nyevu, yaani kutokwa na shahawa usingizini: aliwahi kumsikia mhubiri akisema kwamba ndoto hizo ni alama ya moyo mchafu, na kwa kuwa hazikukoma hata alipofunga na kuomba, aliamini kwamba Mungu amemkataa.

Nilimfungulia Walawi 15. Humo mwanamume aliyetokwa na shahawa anaagizwa aoge, naye huhesabiwa najisi hadi jioni, basi. Hadaiwi sadaka ya dhambi, ilhali yule mwenye ugonjwa wa kutokwa na kisonono, akishapona, hupeleka hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Torati, pamoja na ukali wake wote, haikumhesabia dhambi. Na sayansi ya leo inatueleza kwamba ni kazi ya kawaida ya mwili tangu mtu abalehe, tena hutokea usingizini bila kukusudia. Aliisoma aya ile mara mbili, kidole chenye makovu ya kamba za nyavu kikifuata kila neno, kisha akakaa kimya.

Kinachoniuma ni kwamba kijana huyu anabanwa pande mbili. Katika kambi za uvuvi visiwani, ambako wavuvi hulipwa fedha mkononi, anayekwenda kulala peke yake huulizwa kama kweli ni mwanamume. Akija kanisani, anaambiwa kwamba kuvutiwa tu na mwanamke tayari ni kuanguka. Pande hizo mbili zinagombana, lakini zote zinamwambia neno moja, kwamba tamaa haitawaliki. Mtume Paulo alifundisha kinyume chake alipowaandikia Wathesalonike kwamba kila mmoja "ajue kuuweza mwili wake katika utakatifu na heshima" (1 Wathesalonike 4:4). Nalipenda sana neno hilo kuuweza, kwa sababu aliyeuweza mwili wake hajauua wala hajaukana. Ni wake, nao unamtii.

Sisemi kwamba kila kitu ni ruhusa. Bwana wetu katika Mathayo 5 alimhukumu "atazamaye mwanamke kwa kumtamani", yaani anayetazama kwa kusudi hilo, na hapo ndipo zinapoingia video za ngono ambazo vijana wetu, na baba zao pia, wanazitazama kwenye simu. Lakini tuangalie amri inayofuata ilimwelekea nani: jicho linalong'olewa ni la mtazamaji, wala hakutajwa mavazi ya mwanamke hata kwa neno moja. Mahubiri yetu ya usafi huishia kwenye sketi za mabinti, na wavulana wanarudi nyumbani bila kuguswa. Hata waliooa wanajidanganya kwamba somo hili liliwaisha siku ya harusi, wakati 1 Wakorintho 7 inasema wazi kwamba mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe.

Ninawaomba wachungaji na makatekista wa kandokando ya ziwa wasiwasubiri vijana hawa kanisani. Siku za mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika mwaloni, twende tukakae nao, tuwaache waulize wanachotaka, na tuwajibu kwa kuyataja mambo kwa majina yake. Kijana yule amekubali kuwaita wenzake sita mbalamwezi ijayo, pale Igombe, na mimi nitakwenda na Biblia yangu.

Mzee wa Kanisa,
Ilemela, Mwanza