Mume wangu ana maneno matamu, ila si kwa lugha yangu

Shangazi, shikamoo. Wasomaji wenzangu, habari zenu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga. Nimeolewa na Msukuma, tunaishi Mwanza, na tuna miaka 9 ya ndoa na watoto wawili. Niseme mapema kwamba mume wangu halewi, hanipigi, wala sijawahi kumshuku na mwanamke mwingine. Ndiyo maana hata nikimweleza mama yangu ananijibu, "Mwanangu, mshukuru Mungu." Namshukuru. Lakini kuna usiku nalala nalia.

Nimekulia kwenye nyumba ya maneno. Bibi alimwita babu "nyonda" mpaka siku anamzika. Mama akiwa na jambo la kumwambia baba ambalo halisemeki mbele ya watoto, alijifunga kanga. Baba akiingia, hata hajavua viatu, macho yanakwenda kwanza kwenye jina la kanga. Nakumbuka siku aliyovaa "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Baba aliisoma polepole, akatabasamu, akatoka tena bila kusema kitu, na magharibi akarudi na kikuba cha asmini amekifunga kwenye jani la mgomba. Hakuna aliyetufundisha, ila sisi watoto tulijua kwamba mahaba, huba, nyonda na ashiki si neno moja, na kila moja lina wakati wake.

Kwa mume wangu nimekuta neno moja: "Umekula?" Akiwa kazini huko ziwani, anakotengeneza injini za boti, ujumbe wake ni huo huo kila siku: "Nimetuma elfu kumi. Umekula?" Jioni anarudi na sato. Tukikaa kula anamchambua miba, zile nyama za shavuni anazisogeza upande wangu wa sahani, kimya kimya, macho yapo kwenye taarifa ya habari. Najua hayo ni mapenzi, sijalelewa ujinga. Ila moyo wangu umezoea kusikia, na hausikii.

Niliwahi kumbana. Kesho yake akanitumia ujumbe mrefu wenye maua na mioyo, nikautambua, ulikuwa umezunguka kwenye kundi la mtaa wiki nzima. Nilipomuuliza akaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Kiswahili mimi nimekijulia darasani. Tukiongea Kisukuma shuleni tulichapwa. Nikikwambia nakupenda najiona kama nasoma risala mbele ya mgeni rasmi." Kwangu Kiswahili ndicho lugha ya kunyonyeshwa, ya kubembelezwa na ya kuogeshwa. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ambaye kwake ni lugha ya mwalimu na fimbo.

Nikaona basi nirudi kwenye kanga, labda huko atanisoma. Hapo ndipo nilipoharibu. Mwaka jana mavyaa (huku wanasema mama mkwe) alikuja kututembelea kutoka kijijini Shinyanga, katuletea michembe na karanga. Asubuhi moja nilijifunga "Japo sipati tamaa sikati". Ilikuwa ya mume wangu peke yake, kumwambia kwamba bado nangoja. Yeye alipita, akanywa chai, akaenda kazini. Aliyeisoma ni mama. Nilikuwa nimeinama nafagia, nikamsikia nyuma yangu akitamka silabi moja moja mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini. Jioni alimuuliza mwanawe, "Ni nini anachokosa kwako?" Mume wangu alinifuata chumbani kwa hasira ambayo sijaiona kabla wala baada: "Unanishitaki kwa mama yangu kwa nguo?" Mama aliondoka siku mbili kabla ya siku aliyopanga. Hadi leo akipiga simu anawauliza wajukuu tu.

Shangazi, hayo yote ningeyameza. Kilichonifanya niandike ni usiku mmoja mwezi uliopita. Binti yetu mdogo alishikwa na homa kali. Niliamka saa tisa nikamkuta mume wangu sebuleni amembeba kifuani, anatembea naye dirishani na kurudi, na anaongea. Anaongea, huyu mtu wa maneno matatu! Kisukuma laini, mfululizo, sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake. Nililodaka ni "mayu" tu, anamwita mtoto mama. Nikasimama mlangoni nisimkatishe. Asubuhi nikamuuliza alikuwa anamwambia nini. "Nambembeleza tu," basi. Kumbe maneno anayo, Shangazi, na ni mengi. Mimi ndiye nisiyekuwamo ndani yake. Nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe, mgonjwa, na naona aibu kuliandika hili.

Nimeanza kujifunza. Kwa miaka yote hii nilijua "mwangaluka" na "wabeja", salamu na asante za sokoni tu. Jirani yangu amenifundisha "nakutogilwe", yaani nakupenda. Jumapili iliyopita nilimwambia mume wangu wakati anafunga kamba za viatu. Alisimamisha mikono. Akaniuliza bila kuinua uso, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia. Akatoka uani, akakaa huko muda mrefu, kisha nikasikia anajaza ndoo zote za maji, hata zile za akiba ambazo hatuzitumii. Hakusema kitu mpaka leo. Sijui nimemfurahisha au nimeingia mahali ambapo hakunikaribisha.

Naomba mnishauri, hasa nyinyi mlioolewa au kuoa nje ya lugha yenu. Niendelee na Kisukuma hata kama yeye haniitikii? Au nikubali kwamba sato na ndoo za maji ndiyo barua zangu, niache kudai nyingine? Na mavyaa je, nimpigie mimi nimweleze kwamba ile kanga haikuwa yake, au kulitaja tena ni kutonesha kidonda? Atakuja baada ya mavuno. Nilikwenda dukani kumnunulia doti, nikasimama nusu saa nasoma majina, kila moja naliona lina ubaya. Muuzaji akanishauri nichukue kisutu kwa kuwa hakina maneno. Sikukichukua. Sitaki kumpokea bila neno, ila sijui ni lipi.

Mama wa wawili,
Mwanza