Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya jioni

Binti yangu aling'olewa magego madogo mawili ya juu ili meno ya mbele yaliyochomoza yarudi nyuma, na daktari akampachika kwenye mfupa wa taya skrubu mbili za titani, nyembamba kuliko milimita 2, ziwe nanga ya kuyavuta meno hayo pasipo magego makubwa kusogea mbele. Wiki ya tatu skrubu moja ilianza kucheza, ufizi ukavimba, nami kwa hofu nikataka zote mbili zitolewe.

Dada muuguzi, ambaye jina lako sikuwahi kuliuliza, zamu yako ilikuwa imekwisha, lakini ulivaa glavu upya, ukampa mtoto kioo akauona utando mweupe uliozunguka kichwa cha skrubu, kisha ukamshika mkono na kumwongoza kwa mswaki laini hadi akaweza mwenyewe. Ulinieleza kwa utulivu kwamba skrubu iliyolegea huweza kutolewa na nyingine kuwekwa pembeni, ukampigia daktari simu, tukaonwa asubuhi iliyofuata. Iliyolegea ilibadilishwa, ya pili imeshika hadi leo, na pengo linazidi kuziba. Wauguzi wenzako wanaosoma haya, nawaomba nao wawape wagonjwa kioo.